Kupeleka Bwatie Kabambare

Nilikwenda Kabambare kwa ajili ya mama yangu na kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kasongo, karakana yangu iko nyuma ya soko, na kwa desturi magari ndiyo yanayonifuata mimi. Sipendi safari. Pikipiki inaniumiza mgongo, na kila nikiondoka siku mbili ninarudi na kukuta jirani ameazima koleo langu na kulirudisha limepinda. Lakini mara hii hakukuwa na mtu mwingine wa kutuma.

Mama yangu, Mama Zaina, anakaa Kabambare kwa dada yangu Feza. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, mfupa ukaunga vibaya, na sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Sikio lake la kushoto limekufa, anasikia kwa la kulia tu. Dada yake mkubwa, Mama Mwamini, yuko Nyangwe kwenye nyumba waliyozaliwa wote wawili. Walikuwa hawajaonana miaka tisa. Wiki moja kabla ya safari yangu, habari zilitufikia kutoka Nyangwe kwamba mama mkubwa haamki tena kitandani, na kwamba ametuma neno: "Kama Zaina anataka kusikia sauti yangu, aje sasa." Feza alinipigia simu akaniambia Mama amefunga nguo zake kwenye kitenge na kukaa nazo mlangoni, hataki kula wala kuondoka hapo.

Kupanda pikipiki hawezi, na barabara ile haina magari mengi. Tumaini letu lilikuwa pikapu ya Papa Anakleti, jirani wa Feza, mkulima wa karanga ambaye huleta magunia yake Kasongo. Alikuwa amekubali kumleta Mama bila maneno mengi. Siku mbili kabla ya kuondoka, pikapu ikagoma.

"Salumu, gari iko na pepo," aliniambia kwa simu. "Vifagio vya kioo vinafagia bila mvua. Nakanyaga freni, honi inalia. Leo napiga stata, inazunguka, inazunguka, injini haishike."

"Maji yaliingia wapi?"

"Nani alikuambia kuko maji?"

"Pepo wa magari siku zote ni maji, Papa."

Akakiri kwamba kioo cha mbele kinavuja tangu masika yaliyopita. Hapo nikajua. Chini ya tablo, yaani dashibodi, upande wa dereva, kuna kisanduku ambacho sisi mafundi wa huku tunakiita bwatie. Ndicho kinachoamuru taa, vifagio, honi na kufuli za milango. Kikinywa maji kinaanza kutoa amri za ovyo, na mwishowe kinakufa.

Bahati nilikuwa na bwatie kama ile, niliyoichomoa mwenyewe kwenye pikapu ya aina hiyohiyo iliyopinduka. Nilimwomba Papa Anakleti anisomee namba za kwenye karatasi ya bwatie yake, akazisoma polepole moja moja, na zote zililingana. Likabaki swali moja. Magari ya aina ile yako ya namna mbili. Mengine ufunguo wake unatambuliwa na kisanduku kingine kwenye usukani. Mengine ufunguo unatambuliwa na bwatie yenyewe, na hapo ukiweka bwatie ngeni inakuwa kama kumweka mlinzi mpya mlangoni: hawajui watoto wa nyumba, anawafungia nje. Inabidi kuhamisha kipande chenye kumbukumbu kutoka bwatie ya zamani, mguu kwa mguu, kwa kulehemu. Kataa kadogo kekundu kwenye tablo, ile taa ndogo yenye picha ya ufunguo, ndiko kanakotofautisha. Bwatie imekufa na kataa bado kanazima baada ya kufungua kontakti, yaani kugeuza ufunguo kabla ya stata? Basi ufunguo hauko kwenye bwatie.

Mtandao wa Kabambare unashika vizuri juu ya kilima nyuma ya kanisa, na pikapu ilikuwa chini. Papa Anakleti alishuka kutazama kataa, akapanda tena, akanipigia huku anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Akaniambia kataa iko nazima, ndivyo tunavyosema huku taa inapozimika. Nikamuuliza ili nihakikishe: iko nazima? Akajibu ndiyo, ndiyo kabisa, na laini ikakatika.

Nikafurahi. Kazi ingekuwa nyepesi: chomoa mbovu, chomeka nzima, piga stata. Juu ya meza nikaacha chuma changu chembamba cha kulehemu kinachotumia bateri, nikaacha lenzi, nikaacha risasi ya kulehemu. Djuma, mwenye pikipiki aliyekuwa anipeleke, aliuliza kama kale kamfuko ndiko mzigo wangu wote. Nilimjibu kwamba fundi anayejua kazi yake hafungi mzigo wa bibi harusi. Nayakumbuka maneno hayo vizuri, kwa sababu nililazimika kuyameza.

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka Kasongo. Waumini walikuwa wanatoka msikitini, na baiskeli za watu wa mihogo zilikuwa zinaingia sokoni. Djuma ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, anaendesha taratibu na anaongea haraka. Bwatie niliifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikaivaa kifuani chini ya koti. Kila tulipopita shimo niliishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikamshika Djuma.

Saa mbili tulifika kwenye bariera, kizuizi cha barabarani. Mtu wa zamu alitaka kuona kilichovimba kifuani mwangu. Nikafungua.

"Hii nini?"

"Ubongo wa gari."

"Gari iko wapi?"

"Kabambare."

Akaigeuzageuza. "Gari iko Kabambare, ubongo uko hapa. Sasa kule inafikiria na nini?"

"Ndiyo maana haitembee," Djuma akamjibu. Wakacheka wote wawili, kamba ikashushwa, tukapita.

Karibu na saa sita tulisimama kwenye kijiji kilicho nusu ya njia, kwa mama mmoja anayepikia wasafiri, Mama Asina. Alitupa wali na sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu. Alipojua ninakokwenda na nitakayerudi naye, aliacha mwiko.

"Mutarudi siku gani?"

"Kesho kutwa, Mungu akipenda."

"Murudi mbele ya mvua kunyesha. Ile daraja ya magogo pale chini, gogo moja limeoza. Pikipiki inapita. Gari haipite. Nitaambia wanaume waweke lingine, lakini muje, musiwasumbue bure."

Nilimwahidi kwamba tutakuja. Tuliposhuka kwenye daraja nililiona lile gogo. Nilivuka kwa miguu na bwatie yangu, Djuma akavuka na pikipiki, na tangu hapo nikaanza kutazama mawingu.

Saa kumi na moja jioni tuliingia Kabambare. Mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi na meno yamejaa vumbi. Mama alikuwa mlangoni, kitenge cha nguo magotini, kama Feza alivyosema. Sikuwa nimemwona tangu mwaka uliopita na nilishtuka jinsi alivyopungua. Niliinama kumshika mikono.

"Uko muzima, Mama?"

"Niko muzima. Ulileta gari?"

"Nimeleta dawa ya gari."

"Dawa," akasema, akaitazama ile plastiki bila imani yoyote.

Asubuhi ya pili nilianza kazi kukiwa na baridi bado. Papa Anakleti ni mtu mrefu, mpole, amezaliwa palepale, anaongea Kibangubangu na mke wake na Kiswahili na dunia iliyobaki. Alikuwa amelisafisha gari kana kwamba linakwenda kubatizwa. Nilitoa waya wa bateri kwanza, kisha nikalala chali chini ya tablo. Bwatie ya zamani ilikuwa na kutu ya kijani pembeni kote, na njia ya maji ilionekana waziwazi kutoka kwenye kona ya kioo. Niliichomoa, nikasafisha vichwa vya waya kwa brashi, nikachomeka yangu, nikarudisha waya wa bateri.

Taa zikatii. Vifagio vikafagia vilipoambiwa tu. Honi ikanyamaza nilipokanyaga freni. Papa Anakleti akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Nikageuza ufunguo, stata ikazunguka. Injini haikushika. Nikajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Kataa kekundu kenye picha ya ufunguo kalikuwa kanawaka, kananitazama.

"Papa Anakleti," nikasema, "kataa haka kanawaka."

"Ndiyo. Tangu mwanzo."

"Si uliniambia iko nazima?"

"Mimi? Nilikuambia iko nzima! Nzima, haijaungua, inawaka muzuri!"

"Nikakuuliza, iko nazima? Ukasema ndiyo!"

"Uliniuliza kama iko nzima, nikasema ndiyo! Sasa taa ikiwa nzima nitasema nini?"

Tulisimama pale tunatazamana, wanaume wawili wazima, na kati yetu herufi moja. Nilikasirika kwanza na yeye, halafu na kile kilima na mtandao wake. Mwisho nilikasirika na mimi mwenyewe, maana kwa miaka mingi nimejisifu sokoni kwamba nasikia ugonjwa wa gari kwa simu. Chuma changu chembamba kilikuwa juu ya meza Kasongo. Kukifuata na kurudi ni siku mbili, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga.

Mama alikuwa amekalishwa kwenye mkeka kivulini, anafuatilia yote kwa sikio lake moja. Alicheka mpaka akashika nyonga.

"Wewe tangu utoto unasikia unachotaka," akaniambia. "Nilikutuma ndimu, uliniletea ndizi. Ukazila njiani."

Nikauliza kama kuna mtu wa kutengeneza simu pale mjini, maana wale huwa na vyuma vyembamba. Feza alisema alikuwako, ila amefuata dhahabu Salamabila. Papa Anakleti, aliyekuwa bado amenuna, akasema polepole: "Kuko Fundi Feruzi."

Saa nne tulikuwa kwa Fundi Feruzi, fundi wa bati. Anatengeneza ndoo, vikoroboi na vichujio. Chuma chake cha kulehemu ni donge la shaba lenye ukubwa wa yai la bata, na mpini wa mti, na analipasha moto kwenye makaa. Nilimwonyesha nilichotaka kuhamisha: kipande cheusi chenye miguu minane, ukubwa wa punje mbili za mchele zikilala pamoja. Humo ndimo bwatie ya zamani ilimohifadhi kumbukumbu ya ufunguo wake.

Feruzi akalitazama donge lake, akakitazama kipande kile. "Ni kama kumunyoa mutoto na shoka," akasema.

"Tutalinoa shoka."

Nilichukua waya mnene wa shaba, tukauzungusha kwenye lile donge mara saba, ukabana, na ncha tukaiacha itokeze urefu wa ukucha. Feruzi akaipiga tupa mpaka ikawa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Donge lingetunza moto, ncha ingeupeleka panapotakiwa. Alinipa dawa yake ya kusafishia bati nikakataa, kwa sababu ile ni tindikali, ingekula njia za bwatie yote ndani ya mwezi. Nilikwangua risasi safi kutoka sehemu za bwatie ya zamani ambazo maji hayakufika, na hiyo ndiyo niliyotumia. Macho yangu hayaoni tena vitu vya karibu. Nilituma kuomba miwani ya Mama, ile anayosomea msahafu, nikaivaa juu ya yangu.

Kila mara chuma kikitoka kwenye makaa nilikuwa na muda wa kuhesabu mpaka nane tu, kisha kinapoa. Feruzi alikuwa anapuliza moto, mimi nagusa, tunarudisha, nagusa tena. Papa Anakleti alishika bwatie kwa vidole viwili na hakupumua. Nilianza na ile ngeni, nikakitoa kipande chake ili nafasi iwe wazi. Kisha ile ya zamani. Mguu wa kwanza mpaka wa saba ilikubali. Wa nane ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatika, ukabaki kwenye ubao wa bwatie.

Niliweka chini kila kitu nikatoka nje. Nilikuwa naogopa, na sioni sababu ya kuficha. Mguu mmoja ukikosekana kumbukumbu haisomeki, na hakuna fundi popote wa kunipa nyingine. Nilifikiria namna ya kumwambia Mama afungue kile kitenge arudishe nguo kabatini. Feruzi alinifuata nje na kikombe cha maji.

Nilirudi ndani. Mzizi wa ule mguu ulikuwa unaonekana bado, nukta tu. Nikatoa uzi mmoja kwenye waya wa redio mbovu ya Feruzi, mwembamba kama unywele, nikaushikiza kwenye ile nukta, na ule mwisho mwingine nikaulehemu kwenye bwatie ngeni pamoja na ile miguu saba. Nilipima kwa mita. Njia ilikuwa wazi. Nikapima tena kwa sababu sikujiamini.

Saa tisa alasiri tulichomeka. Nikafungua kontakti. Kataa kekundu kakawaka. Nikahesabu moja, mbili. Kakazima.

"Imezima!" nikapiga kelele. "Imezima!"

"Nini imezima tena?" Papa Anakleti akapiga kelele kwa hofu. "Nini imezima?"

Nikageuza ufunguo na injini ikashika. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na Papa Anakleti akanikumbatia mpaka miwani miwili ikaanguka. Mama aligonga ardhi kwa fimbo yake, akadai apakiwe saa ileile. Ilitubidi kumsihi avumilie mpaka kesho. Jioni hiyo nilimaliza kwa kuziba kona ya kioo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na utomvu wa mti, nikaipandisha bwatie juu kidogo na kuifunika, maana dawa ya pepo bila kuziba tundu ni kazi bure.

Siku ya tatu, asubuhi, tuliondoka. Djuma alikuwa ameshatangulia na abiria mwingine. Nyuma kulikuwa na magunia ya karanga. Mbele alikaa Papa Anakleti kwenye usukani, mimi katikati, na Mama dirishani juu ya mito mitatu. Tulikuwa tumemtandikia godoro nyuma. Alilikataa, akasema yeye si gunia. Kila penye shimo Papa Anakleti alisema "Pole, mama," na kila mara akajibiwa "Endesha."

Mvua ilitukuta kabla ya daraja. Vifagio vikafanya kazi. Nilikaa nikiitazama ile kona ya kioo kwa muda mrefu, na halikuja hata tone. Tulipofika mtoni gogo jipya lilikuwa limewekwa, gome lake bado bichi. Mama Asina alikuwa amesimama ng'ambo amejifunika jani la mgomba, na wanaume watatu pembeni yake.

"Walisema mutakuja usiku, nikasema watakuja mbele," alituambia, akamsogelea Mama dirishani na kumpa chai ya mchaichai kwenye kikombe cha bati. "Mama, uko muzima?"

"Niko muzima, binti yangu. Nakwenda kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa."

Nilisimamia daraja mwenyewe, nikaelekeza magurudumu kwa mkono, yakavuka. Jioni tulikuwa Kasongo.

Siku ya nne tulishuka mtoni na kumpandisha Mama kwenye mtumbwi mkubwa wa injini unaoteremka Lualaba kwenda Nyangwe. Papa Anakleti alitupeleka mpaka ukingoni, akambeba Mama mikononi na kumweka ndani, kisha akarudi sokoni kwa karanga zake. Maji hayana mashimo. Mama alilala karibu njia nzima, mkono wake juu ya kitenge cha nguo.

Alasiri tulifika Nyangwe. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu waliacha kazi wakatusaidia kumpandisha ukingo. Nyumba haiko mbali. Mama mkubwa Mwamini alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yamefumba nusu. Mama alikataa kiti cha upande wa mlangoni. Akazunguka kitanda kizima kwa fimbo yake, akakaa upande wa ukutani, akainama.

"Yaya. Ni mimi Zaina. Uko muzima?"

Midomo ya mama mkubwa ikasogea.

"Niko nazima, Zaina."

Kwa taa tunasema hivyo. Kwa mtu sijawahi kusikia, lakini safari hii sikukosea, nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kitandani, na hakukuwa na kilima wala mtandao kati yetu.

"Alhamdulillahi," Mama akasema kwa furaha. "Uko muzima. Walinitisha bure."

Nilifungua mdomo. Mama mkubwa akanitazama juu ya bega la mdogo wake, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Ee," akasema. "Alhamdulillahi."

Nikatoka nje nikawaacha. Nyuma yangu nilisikia wanaanza kucheka kuhusu jambo fulani la utotoni, kuku wa mtu waliyemwiba.

Siku ya sita nilirudi Kasongo peke yangu, nikakuta koleo langu limeazimwa. Mama alibaki Nyangwe. Pikapu ya Papa Anakleti inatembea mpaka leo, na uzi wa redio ya Feruzi bado unabeba kumbukumbu ya ufunguo. Siku hizi mtu akinipigia simu kutoka mbali sikubali neno "nzima" wala "nazima". Namuuliza tu: inawaka ao haiwake? Na chuma changu chembamba hakilali tena mezani ninaposafiri, hata nikienda sokoni.

Siku kumi na mbili baadaye Mama alinipigia kutoka Nyangwe. Aliniambia yaya yake amekwenda, baada ya sala ya alfajiri, na kwamba mazishi yatakuwa siku hiyohiyo. Nilimwambia pole, nikamwambia nakuja. Hakukata simu.

"Salumu," akasema. "Ile siku ya kwanza, yaya alisema anazima."

"Ulisikia, Mama?"

"Nilizunguka kitanda kizima kwa nyonga hii ili sikio langu la kuume liwe upande wake. Unafikiri sikusikia?"